Mama Labo na Vichupa vya Kifuani

Aliyemwona mara ya kwanza alidhani ni mama anayenyonyesha. Kifua chake kilikuwa kimejaa, lakini kwa mpangilio wa ajabu, kimepanda hapa na kushuka pale, naye alitembea akiwa ameweka kiganja juu yake. Ukimkaribia ulisikia kioo kikigonga kioo taratibu ndani ya blauzi. Kulikuwa na mfuko humo, aliushona mwenyewe kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, na ndani ya mfuko vilikaa vichupa vyembamba vilivyozibwa kwa pamba na nta. Ndani ya vichupa uliishi ukungu wa wagonjwa.

Sisi wa mtaa wa Hewa Bora tulimwita Mama Labo. Alikuwa mkuu wa chumba kimoja cha maabara hospitalini, na maabara hapa kwetu ni labo tu, hatuna muda wa majina marefu. Ukungu ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika, yeye aliutafuta ndani ya watu: kwenye ngozi, kwenye makohozi, kwenye usaha, hata kwenye maji ya uti wa mgongo. Akishaujua kwa jina, alitafuta dawa inayouua na dawa ambayo ukungu huo unaicheka tu. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka mingi. Ningeweza kumsahau, kama tunavyowasahau majirani wengine wanaohama, lakini mume wangu aliwahi kupangiwa kukatwa mkono wa kulia, na mkono ule ulipita kwanza kifuani mwa mwanamke huyu.

Niseme kwanza kwa nini kifuani. Ukungu mwingine una sura mbili, ya nje na ya ndani ya mtu. Ukiuacha mezani huota nyuzi. Ukiulea katika joto la mwili hulainika na kuwa kama siagi. Ukiziona sura zote mbili ndipo unaweza kusema ni nani. Kwa kazi hiyo hospitali ilikuwa na kabati la joto, na kabati hilo lilikuwa limeharibika. Kipuri kilikuwa njiani. Kilikuwa njiani tangu nilipomfahamu, na nadhani hadi leo kinakuja. Mama Labo hakuwa mtu wa kungoja barabara, akawa kabati yeye mwenyewe.

Mimi ni mtu wa samaki. Wazee wangu walitoka Maniema na biashara zao, nami nilirithi miguu ya safari: nilikwenda Kasenga, nikanunua samaki wakavu wa mto Luapula, nikawaleta mjini. Mvua zikianza, samaki hushika ukungu, na mfanyabiashara mwenye akili huwafuta kwa kitambaa kabla mteja hajaamka. Jirani yangu alinusa kazi hiyo kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuja na kisu kidogo na kuniomba samaki walioharibika zaidi, akawakwangua kwa upendo ambao sijaona watu wakiwapa hata samaki wazima. Kwenye mwanga aliinua ule unga wa kijani, mara nyingine mweusi, mara nyingine wa waridi kabisa, akautazama. Ukimsemesha wakati huo hakukusikia. Nilimwambia kwamba atanifukuzia wateja, naye akajibu kwamba ukungu wa samaki hauna shida na watu, ni wa samaki, kila mmoja na nyumba yake.

Hilo alilisema mara nyingi. “Kila kintu iko na jina yake,” alisema, “ni shiye tu njo hatuyue.” Kwake kutojua kulikuwa kosa letu, kwa hiyo alichukia mtu aliyesema “ugonjwa wa ngozi” kana kwamba amesema kitu. Mtoto akipita mtaani na duara la mba kichwani, alimshika bega na kumkagua utosini, mama wa mtoto akibaki anacheka kwa aibu. Hakutoa dawa hata siku moja kabla ya kujua jina, na watu walimnung'unikia: wengine walitaka kupakwa kitu mara moja waende. Ukungu, aliwaambia, hausemi uwongo, ila hauna haraka, na anayeuharakisha atasikia jina la mwingine.

Pamoja na ukali huo alikuwa na mambo yake. Hakupenda kushikwa mkono, alisalimia kwa kuinamisha kichwa, lakini kila msimu wa mvua alikuwa wa kwanza kuwakimbilia wanawake wanaouza bowa barabarani, ule uyoga wa porini, akaujaza kwenye beseni na kuupika kwa karanga, akaula na bukari, ugali wetu, huku amefumba macho. Nilimuuliza mtu anayepigana na ukungu kutwa nzima anawezaje kuula jioni. Alinitazama kana kwamba nimetukana ndugu zake. Hakuwa akipigana nao, alisema. Alikuwa akiwaamua, nani akae wapi.

Jumamosi moja ya salongo, tulipotoka wote kufagia mtaa na kuzibua mifereji kwa ajili ya taifa, alikataa kuinama. Alisimama wima na fagio lake akigusa vumbi kwa ncha tu. Mkubwa wa mtaa, mtu wa Chama mwenye sauti ya redio, alimwuliza mbele yetu kama citoyenne, yaani mwananchi, ana mgongo wa kigeni usioweza kuinamia nchi yake. Ulikuwa wakati ambao swali kama hilo halikuwa mzaha, na baadhi yetu tulianza kufagia kwa bidii kuelekea mbali. Mama Labo aliingiza mkono kifuani, akatoa kichupa chenye kitu cheusi kilichokunjamana, akamsogezea mkubwa puani na kumweleza kwa upole kwamba huyu ni wa mwananchi aliyelazwa, na yeye akiinama, huyu wa chupani atamwagikia nchi. Kuanzia Jumamosi ile alipewa kazi ya kulinda majembe.

Mume wangu, Baba Zaina, alikuwa fundi wa miti mgodini, Kipushi. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo chini ya ardhi ili mwamba usiwalalie watu. Kibanzi kilimchoma kidole, jambo la kila siku kwa fundi wa miti, hakukisema hata kwangu. Baadaye kidole kikatoa kidonda kisichopona. Kisha uvimbe mdogo ukatokea kwenye kiganja, mwingine kwenye kifundo, mwingine juu yake, umepangana kwenye mkono kama punje za tasbihi. Mama mkwe alisema ni nyoka aliyetumwa, anapanda kuelekea moyoni. Kwa hospitali ilikuwa kifua kikuu cha ngozi, wakatibu hivyo, na punje zikaendelea kupanda. Mwisho daktari wa upasuaji, mgeni mpole aliyesema polepole, alituambia kwamba kidole kimeshaoza hadi mfupa na kwamba afadhali kukata chini ya kiwiko kabla mambo hayajafika kwapani.

Mkono wa kulia ndio wa kula na wa kusalimia watu. Ndio uliotusimamishia nguzo: bila mkono hakuna mgodi, na bila mgodi hakuna unga wa kila mwezi. Baba Zaina hakulia. Alianza kujifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akikaa kizingitini, nami sikuweza kumtazama.

Nilipanda ukuta. Sikupita mlangoni, niliupanda ukuta na umri wangu, nikamkuta Mama Labo akimenya viazi, kwa sababu chakula cha ukungu wake alikipika mwenyewe kwa viazi na sukari. Alikuja kwetu nami, akaacha desturi yake ya kutoshika mkono wa mtu, akaushika ule wa mume wangu, akafuata punje kwa kidole kutoka chini hadi juu. Aliuliza jambo moja tu, kama anashika miti. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua ameshalisikia jina, ila hakulisema. Alichukua usaha kidogo kwa sindano.

Ukungu uliota mezani, mweupe kwanza kisha mweusi. Sura ya kwanza ilikuwa imepatikana. Akauhamishia kichupa kingine, akakiweka kifuani kupata sura ya pili, na hapo ndipo kosa lilipotokea, kosa ambalo nadhani halikuwahi kutokea popote isipokuwa labo yetu. Mama Labo aliugua malaria. Alikwenda kazini nayo, macho mekundu, akitetemeka, vichupa vikiwa kifuani kama kawaida. Alipovitoa, hakukuwa na siagi. Hakukuwa na kitu chochote. Basi akafanya kama alivyofundishwa: alimwambia daktari kwamba sura ya pili imekataa, kwa hiyo ukungu huu sio aliodhani, na jina hana. Daktari akapanga siku ya kukata, ya mwezi uliofuata.

Alikuja kwangu akiwa amepona, asubuhi, nywele hazijafungwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajafunga kitambaa.

“Mama Zaina,” alisema, “kabati njo iligonjwa, si ukungu. Joto yangu ilipita kipimo, ikamuua. Bwana yako habatamukata na sababu ya malaria yangu.”

Kisha akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikasema mimi ni mzima kama punda. Akanifungua blauzi bila kuomba ruhusa na kunivika mfuko wake, ndani yake kichupa kipya alichokipanda kutoka kwa ule ukungu wa mezani, kwa sababu yeye bado hakujiamini na damu yake.

Ndivyo nilivyobeba ugonjwa wa mume wangu kifuani mwangu. Niliuchukia sana, na niliulea. Nilikaa kwenye jua la asubuhi karibu na samaki wangu, nisikimbie, nisiiname, nikisikia kioo kikipata joto langu hadi nikashindwa kujua mwisho wa ngozi na mwanzo wa chupa. Usingizi wa mchana ulinichukua kwa urahisi siku zile. Niliota ndoto za chini ya ardhi, mahali ambapo sijawahi kufika: nguzo za Baba Zaina zimesimama kwenye giza lenye unyevu, na kila nguzo imechanua maua madogo meupe, na hakuna mtu. Nilipomsimulia Mama Labo, alinipeleka labo na kunikalisha kwenye hadubini yake. Nikaona nyuzi nyembamba, na kwenye ncha za nyuzi, maua. Yale yale, au mimi niliyaona yale yale.

“Kako kazuri,” alisema.

“Kazuri kanakula mukono ya bwana yangu,” nikamjibu, na nilitaka kumpiga.

Alikubali kwa kichwa. Kwake maneno yote mawili yalikuwa kweli, wala hakuona shida kuyaweka pamoja.

Sura ya pili ikatokea, laini, rangi ya maziwa ya unga. Jina likapatikana, refu, la Kilatini, sijawahi kulishika. Ilibaki dawa. Alipanga vichupa kwa safu kwenye dirisha la labo, kila safu dawa yake, nyingi mwanzoni na kidogo mwishoni, akampanda yule adui katika kila kimoja. Nilikwenda kuangalia pamoja naye. Dawa ya mba aliicheka. Dawa moja ya kuingizwa kwenye mshipa ilimzuia, lakini hiyo huumiza figo, na hospitalini haikuwapo. Safu ya mwisho ilikuwa ya chumvi ya iodini, kitu rahisi kilichokuwa kimejaa kwenye duka la dawa. Katika safu hiyo ukungu uliota kila kichupa, mweusi, umenona, hata penye dawa nyingi kabisa.

Na dawa aliyotaka kumpa mume wangu ni hiyo hiyo.

Mimi na Baba Zaina tulikuwa kwenye benchi la ukumbini, mlango wa daktari ukiwa wazi. Walizungumza Kifaransa, Mama Labo na daktari, na Baba Zaina akinitafsiria kwa kunong'ona. Daktari alisema, bila kejeli, kwamba safu aliyoileta inaonyesha dawa haifanyi kitu. Mama Labo akakubali. Daktari akamwuliza basi kwa nini anapima. Mama Labo alikuwa mtu aliyeishi miaka yote kwa kuamini alichokiona kikiota mbele ya macho yake. Aliwahi kumwita mchungaji wa kanisa lake mvivu kwa sababu alihubiri bila kuonyesha kitu. Sasa alikuwa anaomba aaminiwe kinyume cha vichupa vyake. Alisema kwamba waliomfundisha waliuona ugonjwa huu ukipona kwa iodini, kwa njia ambayo wenyewe hawakuielewa, na kwamba yeye hajawahi kuutibu hata mmoja. Hakulificha hilo. Daktari alitazama mkono, akatazama safu, akampa muda hadi mvua zikome.

Mama Labo alitoka chumbani akasimama mbele yetu na kutuambia kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kutafsiri.

“Mu chupa hii dawa haiue kintu, nimeona na macho yangu. Lakini chupa haina damu, haina maini. Chupa si muntu. Baba Zaina, mi sijue kama utapona. Najua tu fasi akili yangu inaishia, na hapa njo inaishia.”

Baba Zaina alisema sawa. Akasema mtu aliyemwonyesha mwisho wa akili yake ni wa kuaminiwa kuliko aliyemwonyesha mwanzo tu.

Kila jioni kabla ya chakula Mama Labo alikuja na matone yake. Aliyatia kwenye maziwa, tone juu ya tone, akiongeza kadiri siku zilivyokwenda, hadi pua ya mume wangu ikawa inatiririka na macho yanatoa machozi. Ulimi wake ukaonja chuma. Alilalamika kwamba ametoka mgodini na mgodi umemfuata mdomoni. Mvua ilikuwa ikigonga bati, sisi watatu tukiangalia mkono mmoja juu ya meza kama watu wanaongoja chungu kichemke. Siku nyingi hakukuwa na kitu. Mama Labo alikonda. Bowa ilipita barabarani na hakununua, nami nikaogopa zaidi kwa hilo kuliko kwa jambo lolote la daktari.

Kisha punje ya juu kabisa, ile ya karibu na kiwiko, ikalala. Sikuisema, niliogopa kuiamsha. Ikafuata ya chini yake. Zilishuka kwa njia ile ile ziliyopandia, moja baada ya nyingine, zikiacha alama nyeusi. Mvua zilipokoma, kidole kilibaki kimepinda, hakikunyooka tena, lakini kilikuwa chake na kilikuwa mahali pake. Daktari alikuja mwenyewe labo kumpa Mama Labo mkono, naye, eti, akaupokea.

Niliomba kitu kimoja, auchemshe ule ukungu mbele yangu nione unakufa. Alikataa, na tulinuniana muda mrefu kwa sababu hiyo. Alikuwa na desturi ya kuwaita ukungu kwa majina ya watu waliowatoa, akayaandika kwa wino kwenye kioo. Niliona kichupa kimeandikwa Baba Zaina nikakasirika. Nilimwambia mume wangu ana jina lake, asimpe shetani. Baba Zaina mwenyewe alicheka tu. Alikuwa akipita labo mara moja moja kumsalimia mwenzake wa chupani.

Miaka ikapita. Mama Labo alistaafu akahamia Annexe, kiungani mwa mji, akalima mahindi na muhogo, na mimi nikabaki na jirani mpya mwenye mbwa. Baba Zaina alifariki kwa moyo, nyumbani, Mungu amrehemu. Waliomwosha waliniambia kwamba walianza na mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Nililia zaidi kwa neno hilo kuliko kwa msiba wote.

Nilikwenda Annexe kumpa habari, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, ukungu wa nje ukiwa umelala juu ya mashamba. Nilimkuta ukumbini pake amejifunika blanketi. Macho yake yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, akanijua kwa harufu ya samaki. Nilimwambia. Aliinamisha kichwa, kisha akaniomba nimletee bati la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa vichupa. Alivichukua labo alipoondoka, kwa kuwa aliyebaki hakuwa na muda wa kuwalisha, na miaka hiyo yote alikuwa akiwapikia viazi na kuwahamisha kutoka kichupa kikuukuu hadi kipya.

Alivipapasa akatoa kimoja. Wino ulikuwa umefifia lakini niliusoma.

Hapo ndipo aliponieleza alichokataa kunieleza nikiwa na hasira. Dawa zilipofika hospitalini, nyingine zilikuwa zimechoka njiani kwa joto na kukaa. Ili kuzijua, alihitaji ukungu ambao tabia yake anaijua kabisa: dawa nzima humzuia kwenye kichupa kile kile cha safu, dawa iliyochoka humwacha apite. Aliyemtumia kwa kazi hiyo ni huyu. Wagonjwa wasiojua hata jina letu walipewa dawa nzuri, na mbovu ikarudishwa, kwa sababu ya kilichotoka kwenye kidole cha mume wangu.

“Bwana yako hajaacha kazi,” alisema.

Kulikuwa na kijana mpya labo aliyekubali kuwapokea, lakini wa bati wangengoja gari. Huyu mmoja alitaka aende leo, na aende na joto, kwa sababu baridi ya mwezi ule ilikuwa kali na yeye mwenyewe hakuwa na joto la kumpa mtu. Mikono yake ilitafuta blauzi yangu. Niliifungua mwenyewe safari hii. Mfuko ulikuwa ule ule wa kitenge, nao haukuwa na rangi tena. Nilimuuliza nikimfikisha niseme nini. Akasema nitaje jina tu.

Nilirudi mjini kwa miguu. Sikuwa nimekaa karibu hivi na kitu cha Baba Zaina kilicho hai tangu tulipomzika. Kioo kilianza baridi, kisha taratibu kikawa kama mimi, na sikujua tena mwisho wa ngozi ni wapi. Niliweka kiganja juu yake nikatembea polepole, na watu waliponisalimia njiani niliwajibu kwa sauti ya chini, wakadhani nimebeba mtoto aliyelala.